Sili ya Mwavuli wa Akiba

Meza ilikuwa ndefu kuliko sebule. Joachim aliipasulia mbao za paina mwenyewe, akaipiga randa mpaka ikawa laini kama shavu la mtoto, na alipokuja kuiunga ndani ya nyumba akagundua kwamba ukuta umemkatalia. Hakurudi nyuma. Aling'oa mlango wa chumba cha mama yake, akaipitisha meza hapo mlangoni, na kuanzia siku hiyo mkia wa meza ulikaa sebuleni na kichwa chake kikalala chumbani, ubavuni mwa kitanda cha Ludovika. Majirani wa Lizaboni, pale Songea, walichungulia dirishani, wakacheka. Walisema bibi yule amehamia mochwari angali hai.

Ludovika hakujali. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu wa uzeeni, nao ni kutaka kujua, na meza ile ilimletea dawa mpaka kitandani. Juu yake mkwewe, Emerensiana, mke wa Joachim, alifunga miavuli ya watu wanaoruka kutoka kwenye ndege. Mikubwa, ile inayofunguka kwanza, warukaji walijikunjia wenyewe huko uwanjani, juu ya turubai, huku wakipiga soga. Emerensiana alifunga ya akiba, inayokaa mgongoni ikisubiri siku mkubwa utakapogoma. Zamani alikuwa fundi cherehani. Kampuni ya Mbayuwayu ilimpeleka Afrika Kusini kujifunza, akarudi na cheti pamoja na plaizi yenye alama yake, na katika kampuni nzima hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa kazi hiyo.

Asubuhi ya tamasha la kuruka, mwavuli wa mwisho ulikuwa mezani. Emerensiana aliinama juu ya nyuzi zake, akizitenganisha kwa vidole.

"Mama Careen," Ludovika aliita kutoka kitandani, bakuli la mihogo mapajani, "mbona unazichana kama nywele za bibi harusi?"

"Mama, nikifunga siongei."

"Haya. Sitauliza tena."

Akamenya muhogo mmoja.

"Lakini kwa nini huongei?"

Emerensiana alicheka puani, macho hayakutoka kwenye kazi. Alikuwa amekwisha kukunja kitambaa, chepesi kama ganda la kitunguu, na kukilaza ndani ya mfuko wake. Nyuzi nazo akazipinda huku na huku, akazilaza kwenye kijifuko cha pembeni. Kilichobaki ni kuushusha mfuko ndani ya mkoba wa mgongoni, kukandamiza juu yake kimwavuli kidogo chenye springi, kufunga vifuniko kwa pini, kisha kuzungusha uzi mwekundu kwenye pini ile na kuubana kwa sili ya risasi, kama sili ya mita ya maji. Sili ikishabanwa, mkoba haufunguliwi na yeyote. Atakayeuvaa anaiangalia sili tu, anaona alama ya Emerensiana, anaamini.

Hilo ndilo lililomshangaza Ludovika kuliko yote. Watu wa Songea hawaamini hata kilo ya sukari bila kuitazama kwenye mizani.

Honi ikalia nje. Ililia kwa fujo, kama mtu anayedai chenji yake.

"Emerensiana! Toka mara moja!"

Alikuwa Polikarp, meneja wa kampuni.

"Ninafunga!"

"Hata kama! Tajiri yuko kwenye simu, anataka kukusikia wewe. Toka, mama, usinitie kwenye matatizo!"

Emerensiana alisimama, mikono ameiinua mbele yake kama padre madhabahuni. Aliutazama mfuko, akautazama mlango. Tajiri, mwenye kampuni, hupiga simu mara chache, na akipiga hasubiri.

"Mama, niangalizie hapa. Kuku wasiingie. Mtu asiguse."

Akatoka. Mlango haujatulia, kijana mrefu akabisha hodi, akaingia ameinamisha kichwa asigonge fremu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Naitwa Sefu. Mimi ndiye ninayeanguka."

Ludovika aliweka kisu chini. Miezi yote hiyo ameona miavuli, hajawahi kuona mtu wa kutiwa chini yake.

"Wewe? Mbona mdogo hivyo! Kwenu wapi?"

"Namtumbo. Wazee wangu wanalima tumbaku."

"Na wanajua unafanya nini?"

"Baba anajua. Mama anajua nauza vocha."

Ludovika alicheka mpaka muhogo ukamponyoka. Kisha akaegemea mbele. "Niambie, mwanangu. Ukiwa huko juu, unashika nini?"

"Hakuna cha kushika, Bibi. Ni upepo mtupu. Naanza na Bismillah, naruka. Nikifika pa kufungua navuta, mkubwa unatoka, alhamdulillah. Ukigoma, naukata, navuta huku kushoto, unatoka huu wa mama Careen."

"Na huu nao ukigoma?"

Sefu alipuliza kiganja chake kama mtu anayepeperusha makapi.

"Hakuna wa tatu?"

"Hakuna, Bibi. Hata figo tumepewa mbili."

Alisema hivyo akitabasamu, akaaga, akatoka kumfuata Polikarp. Alipoinama tena mlangoni, Ludovika aliiona shingo yake kwa nyuma: nyembamba, imenyolewa karibuni, tupu. Haikuwa na uzi wala mkufu wala chochote. Mtu anakwenda kuanguka kutoka mbinguni na shingo tupu vile!

Ludovika alivaa skapulari ya Bikira Maria tangu usichana wake: vipande viwili vya kitambaa cha kahawia, kimoja kifuani na kimoja mgongoni, vimeunganishwa kwa kamba nyembamba mbili zinazopita mabegani. Masista walimfundisha kwamba anayekufa nayo hataonja moto. Alijua Mwislamu hataivaa, na hakutaka kumkwaza mtoto wa watu. Lakini mkoba wake je? Mkoba hauna dini. Aliivua, akaibusu, akaikunja ndogo, na kwa kidole kimoja akaisukuma ndani ya kijifuko cha nyuzi. Ilizama bila kelele. Mtu asiguse, aliambiwa, naye alilikumbuka agizo; ila aliona Bikira Maria si mtu wa kuzuiwa mlangoni.

Emerensiana alirudi uso umemwiva. Tajiri alikuwa amemwambia maneno. Aliitazama kazi pale alipoiachia, akaendelea kutoka hapo. Alishusha mfuko, akakandamiza springi kwa goti, akapitisha pini. Kabla ya sili alivihesabu vifaa vyake, kimoja kimoja, juu ya kitambaa cheupe. Hesabu ilikuwa sawa. Skapulari haikuwa kwenye hesabu. Plaizi ikauma risasi.

*

"Kwa nini unavihesabu hivyo vidude?" Ludovika aliuliza. Mkoba ulikuwa umekwisha kubebwa kwenda garini, na Emerensiana alikuwa akifunga sanduku lake, sasa akiruhusiwa kuongea.

"Nisisahau kimoja ndani."

"Na ukikisahau?"

"Inategemea ni nini. Chuma kinaweza kutoboa kitambaa, lakini chuma afadhali, chuma mkono unakisikia. Kibaya ni kamba." Alipitisha kidole hewani, akichora duara. "Kamba ndogo tu, Mama, hata ya kiatu. Nyuzi zinatoka kwa kasi, zinaikuta njiani, inajizungusha, inakuwa fundo. Mwavuli unatoka umejikunja kama sanda."

Ludovika alipeleka mkono kifuani. Mkono ulikuta ngozi.

"Mama Careen..."

Honi ikalia.

"Nakuja!" Emerensiana alipaza sauti. "Unasemaje, Mama? Mbona umebadilika? Unaumwa?"

Hapo ndipo angesema. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini aliuona uso wa mkwewe, uso uliotoka kutukanwa na tajiri dakika chache nyuma, na honi haikumpa nafasi hata ya kumeza mate.

"Siumwi. Nenda."

"Dagaa wa Nyasa wako kwenye sufuria ndogo. Kuruka ni saa kumi, njooni na Baba Careen mwone."

Gari likaondoka na vumbi lake.

*

Kibanda cha Joachim kilikuwa Bombambili, kati ya fundi viatu na muuza chipsi. Mashine yake ya kuranda ilikuwa kimya, umeme ulikuwa umekatwa, naye alikuwa anapiga msasa stuli ambayo mteja wake alishasema hataichukua. Wacheza drafti wa pembeni walimwona Ludovika anashuka kwenye bodaboda.

"Baba Mwavuli, mama yako huyo! Ameshuka, lakini hakutoka juu sana!"

Joachim alitabasamu kwa mdomo tu. Jina hilo alilibeba kama mtu anavyobeba mzigo wa mwenzake. Alimwingiza mama yake ndani, akamkalisha kwenye stuli, akamsikiliza. Alipomaliza kusikiliza, alifunga mlango wa bati.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe."

"Basi iishie hapa." Aliongea kwa Kingoni sasa, chinichini. "Mama, unajua mwavuli wa akiba unafunguka mara ngapi? Mimi nilimuuliza mke wangu. Sefu amekuwa anaruka miaka yote hii, hajautumia hata mara moja. Unakaa tu. Ni kama tairi la akiba kwenye gari jipya."

"Na leo ukihitajika?"

"Kwa nini uhitajike leo?"

"Kwa nini usihitajike leo?"

Joachim alikuna paji la uso, akaacha mstari wa vumbi la mbao. "Nisikilize. Ukisema, watamfukuza. Watauliza mfungaji gani anamwachia bibi kizee mwavuli. Ada ya Careen ni mkono wake. Unga ni mkono wake. Hata hiyo kanga uliyovaa."

Ludovika aliitazama kanga yake. Ilikuwa mpya. Aliikunja pindo, kana kwamba mtu anaweza kuja kuidai.

"Mpigie simu."

"Sina salio."

Alimzaa mwenyewe, alimfahamu tangu meno ya kwanza. "Joachim. Mpigie simu mke wako."

"Nitamwambia jioni. Sefu akishatua, jioni nitamwambia kwa utani, tutacheka wote."

"Na asipotua?"

"Atatua, Mama! Kila mtu hutua!"

Alilisema, kisha akalisikia. Akakaa juu ya benchi, msasa mkononi. Ludovika aliinuka, akausukuma mlango wa bati, akamwita mwenye bodaboda aliyekuwa bado anahesabu sarafu zake.

"Uwanja wa ndege. Haraka. Na nitakulipa nikirudi."

"Bibi, kila mtu hulipa akifika."

"Basi mwanangu huyu hapa atalipa," alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile Joachim aliingiza mkono mfukoni bila kubishana. Lakini hakupanda.

*

Getini pa tamasha palikuwa na utepe, maspika, na mlinzi wa kukodiwa aliyevaa miwani ya jua. Watu wengi walikaa nje ya utepe. Waliopewa beji walikuwa ndani, chini ya hema, wakinywa soda.

"Beji, Bibi."

"Sina. Nataka kumwona fundi wa miavuli. Mimi ni mama mkwe wake."

"Miavuli ya mvua?"

Watu wakacheka. Ludovika naye angecheka siku nyingine.

"Baba, nisikilize. Kuna kijana anaitwa Sefu, asiruke."

"Bibi, leo kila mtu ana mtu wake asiyetaka aruke. Kaa pale, kuna kivuli."

"Basi mwite Emerensiana! Neno moja tu!"

"Ningekuwa namwita kila anayetakiwa, ningekuwa redio." Akamshika kiwiko, kwa upole ule unaoudhi kuliko kofi, akamsogeza kando kama kiti.

Huko mbali ndege ndogo ilikuwa imewasha injini. Ludovika aliwaona wakitembea kuielekea, watatu, mikoba mgongoni, na mrefu kati yao ni yule mwenye shingo nyembamba. Aliita. Sauti yake ikamezwa na maspika.

Basi akafanya jambo ambalo mwanamke wa Kingoni hafanyi kwa mzaha. Alivua kitambaa cha kichwa, akajifunga kiunoni, akaweka mikono kichwani, akapiga kilio cha msiba. Kilianzia tumboni. Kilipanda juu ya muziki, juu ya injini, juu ya mshereheshaji na utani wake, na kila aliyelelewa katika nchi ile, awe amekaa au anakula, aliinuka. Hakuna mtu wa Songea anayekisikia kilio kile akabaki kwenye kiti. Mlinzi mwenyewe alivua miwani. Mama mmoja asiyejua lolote alianza kuitikia.

Maspika yakazimwa. Emerensiana alitoka hemani mbio, kiatu kimoja kimebaki nyuma. Sauti ile aliijua.

"Mama! Nani kafa?"

"Hajafa bado," Ludovika alisema akihema. "Ndiyo maana nimekuja."

Akamwambia yote hapo hapo utepeni, kwa maneno machache, mlinzi akisikia, watu wakisikia. Emerensiana hakumkatiza. Aliuliza swali moja tu.

"Ina kamba?"

"Mbili."

Emerensiana aligeuka. Alinyoosha mikono yote juu na kuipishanisha mbele ya ndege, tena na tena, mpaka rubani akazima injini.

*

"Umerogwa?" Polikarp alikuja akiwa ameshika shati lake lisipeperuke. "Wageni wale wamekaa pale. Tajiri yupo pale! Nini?"

"Mkoba wa Sefu una kitu ndani."

"Kitu gani? Si umeufunga wewe? Sili si yako?"

"Ni yangu. Ndiyo maana ninaifungua mimi."

"Nani aliweka?"

Ludovika, aliyekuwa ameupita utepe nyuma ya mkwewe bila mtu kumzuia, alijibu.

"Mimi. Niliachiwa nizuie kuku, nikawa kuku mwenyewe."

Kuna aliyecheka. Polikarp alimtazama bibi kizee, akamtazama fundi wake, na sauti yake ikashuka ikawa ya sumu. "Kwa hiyo mnafungia miavuli yetu kwenye chumba cha kulala cha bibi. Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nje."

"Nje unafanya nini?"

"Nakuitikia wewe."

Rubani Athanasi, mzee mfupi mwenye kofia iliyochakaa, alikuwa ameshuka na sasa alisikiliza, mikono mifukoni.

"Lakini kosa ni langu," Emerensiana aliendelea. "Kazi ikikatizwa naanza upya toka mwanzo. Ndivyo nilivyofundishwa. Nilirudi na hasira, nikaanzia pale nilipoachia."

Alitandika turubai. Sefu alivua mkoba, akauweka kwa mikono miwili kama mtu anayemlaza mtoto, akapiga magoti pembeni. Emerensiana alikata uzi mwekundu. Alipovuta pini, kile kimwavuli chenye springi kiliruka kama chura, na watu wote wa hemani wakarudi nyuma hatua, hata tajiri na soda yake. Ludovika peke yake alisogea mbele. Hakuweza kujizuia, alitaka kuona.

Emerensiana alifungua kijifuko cha nyuzi. Skapulari ilikuwa pale, imekunjwa vile vile, imelala pembeni ya nyuzi bila kuzigusa hata moja.

"Kumbe!" Polikarp alipumua. "Imelala tu! Isingefanya kitu. Tumewasimamisha watu wote hawa kwa kipande cha kitambaa."

"Sasa tunajua imelala," Emerensiana alisema. "Wakati Sefu anapanda ndege tulikuwa hatujui."

Sefu aliinyanyua skapulari kwa vidole viwili, akaigeuzageuza. "Bibi, ulitaka kunibatiza nikiwa angani, nisikimbie?"

"Nilitaka usiungue, mwanangu."

"Kuungua siogopi," alisema akimrudishia. "Mimi naogopa chini."

Polikarp alishatazama saa. "Haya. Wale wengine wawili wapande. Sefu atapumzika leo."

"Wale wawili nao wavue," Emerensiana alisema.

"Nini?"

"Ilifungwa juu ya meza ile ile."

"Emerensiana, usinichezee."

"Niliweka kwenye mmoja tu!" Ludovika alidakia. "Nakula kiapo, Mama Careen. Mmoja tu, wa huyu mtoto."

Emerensiana alimgeukia. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilimchoma Ludovika zaidi. "Nakuamini, Mama. Lakini anayeruka hakujui wewe. Anaijua sili. Siwezi kubana sili kwa sababu nakupenda."

Akaifungua yote miwili, mmoja baada ya mwingine, mbele ya wageni, mbele ya wale wacheza drafti wa Bombambili waliokuwa wamefika kutazama, mbele ya mume wake. Joachim alikuwa amekuja na bodaboda ya pili na kusimama nje ya utepe, hana pa kuweka mikono yake. Ndani ya mikoba ile hakukuwa na kitu. Nailoni ilijaa upepo kidogo, ikalala. Mshereheshaji alitangaza kwamba kuruka kumeahirishwa kwa sababu za kiufundi. Watu wa utepeni wakazomea. Mmoja akapaza sauti, "Fundi gani anafungua anachofunga?" na Emerensiana aliinama akaanza kukusanya nyuzi, kisogo chake kwa watu.

Polikarp alisema maneno yake akiwa amesimama juu yake. Kwamba kuifunga upya atafanya bila malipo. Kwamba hakuna mwavuli wa Mbayuwayu utakaoingia tena Lizaboni. Kwamba kama tajiri angekuwa yeye, angemtafuta mfungaji mwingine kesho asubuhi.

"Lakini si wewe," alisema rubani Athanasi.

Wote wakamgeukia.

"Nimepandisha warukaji tangu nywele hizi zikiwa nyeusi. Nimewajua wafungaji wengi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kunisimamisha akaniambia, nimekosea." Alivaa kofia yake. "Na mimi siamini kwamba hawajawahi kukosea. Huyu akiondoka, mtafute na rubani."

Tajiri, chini ya hema, aliangalia soda yake. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia.

*

Joachim aliikata meza vipande viwili kwa msumeno wa mkono, akavipakia kwenye mkokoteni, akavisukuma mwenyewe kupita Bombambili hadi stoo ya kampuni, uwanjani. Vijana wakamuuliza anamhamisha marehemu gani. Alisimama, akafuta jasho.

"Ni meza ya mke wangu," alisema. "Anafunga miavuli."

Akaendelea kusukuma.

Mlango wa Ludovika ulirudishwa. Usiku alilala bila meza, bila nyuzi za kutazama, na chumba kilikuwa kikubwa mno. Emerensiana alikwenda stooni alfajiri na kurudi jioni. Alimsalimia kama kawaida, alimpakulia kama kawaida, ila hakusimulia kazi. Ludovika naye aliuliza habari za mvua, bei ya mahindi Madaba, afya ya Careen shuleni. Maswali ya kweli aliyameza na ugali. Lilikuwa pigo kubwa kuliko kusutwa.

Jumapili, baada ya misa ya pili, Emerensiana alimkuta uani anachambua maharage.

"Mama, vaa. Leo wanaruka."

"Niende nikafanye nini? Nitaaibisha watu tena."

"Utaniuliza maswali," Emerensiana alisema. "Stooni kimya kimezidi."

Watu walikuwa wengi kuliko siku ya kwanza; habari ya bibi aliyemlilia mtu aliye hai ilikuwa imezunguka mji. Mlinzi yule yule aliinua utepe mwenyewe. "Pita, Bibi. Lakini leo usilie, nimekuja na mama yangu." Ndege ilipanda mpaka ikawa inzi, kisha mlio wake ukabadilika, na vitone vitatu vikamwagika.

Vitone vilikua. Viliota miguu, vikaota mikono, na bado vilianguka. Ludovika alitafuta kile kirefu. Akamshika Emerensiana mkono, akaukuta umekuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Rangi zikafunguka. Moja, ya pili. Na ya tatu, ya Sefu, njano na buluu, ikajaa ikasimama angani. Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Joachim aliruka kama mtoto, akamkumbatia mcheza drafti.

Ludovika bado alikuwa ameinua uso, anatafuta.

"Mama Careen. Huo ni upi?"

"Huo ni mkubwa, Mama."

"Na wako uko wapi?"

"Upo mgongoni."

"Hautoki?"

"Hautoki."

"Hata kidogo? Kazi yote ile, watu hawatauona?"

Emerensiana alifuta macho kwa kiganja. "Ombea tusiuone, Mama. Mpaka nazeeka, mtu asiuone hata siku moja."

Sefu alitua mbio, akajikwaa, akasimama. Watu walimvamia wakimpiga picha za mbele, wakigombania kusimama karibu na uso wake. Ludovika aliwapenya mpaka akafika nyuma, mahali pasipo na mtu. Aliinama, macho yake mazee yakatafuta kwenye mkoba ule uliofungwa, yakaupata uzi mwekundu, mzima, na punje ya risasi yenye alama ya mkwewe. Akaitazama kwa muda mrefu, karibu kabisa, pua ikikaribia kuigusa, mikono yake miwili ameifungia mgongoni.